Kanga Sitini

Kutoka juu, Kengeja haina kelele.
Ni vigae vidogo vidogo,
kila kigae mita kumi kwa kumi,
na mimi, chumba cha nyuma, Chake Chake,
feni imebaki na mapanga mawili,
navigawa: mikoko, minazi, maji, mpunga,
majumba, ardhi tupu.
Kompyuta hainiulizi mara mbili.

Setilaiti hupita kila siku ya tano,
saa nne na ushei asubuhi,
na mara nyingi haioni kitu: Pemba imejifunika.
Nina picha arubaini na moja za mawingu.
Nimezizoea kama mtu azoeavyo migongo ya watu
waliokataa kugeuka.

Zile chache safi zinasema jambo moja:
bondeni, kusini ya kijiji, kijani kimezidi.
Hekta tisa kwa miaka minane.
Nikaandika kwenye rasimu: "Uoto umeimarika."
Nikaipenda sentensi. Nikaipigia mstari.

Kisha tukaenda, mimi na Shaame,
yeye kabeba kifaa cha kupimia mahali,
mimi ramani kwapani,
kuiuliza ardhi kama ni kweli.

Bi Mize Faki tulimkuta kwenye tuta lililomeguka,
matope yamempanda hadi vifundoni.
Nikamtandikia ramani. Akashtuka:
"Mbona minazi yangu inawaka moto?"
Rangi bandia, bibi, nikamwambia.
Kuna nuru ambayo jicho haliioni,
sisi tumeivika nyekundu;
jani likiwa zima, ndiyo huwaka zaidi.
"Basi hapa pazima sana,"
kidole kimetua safu ya kumi na saba.
"Hapa palikuwa mpunga wangu."

Nikainua kichwa.
Mikoko michanga, kimo cha mtoto wa chuoni,
imejipanga bila kupandwa na mtu,
majani yameota chumvi,
na katikati yake nguzo tatu za dungu
alilokaa akiamia ndege
ambao hawana tena la kuwaleta.

Lini? nikauliza,
maana mwaka ule kwangu ni mawingu matupu.
"Bamvua la Mfungo Sita.
Tumetoka maulidini, usiku,
tukasikia bonde linakunywa."

Bonde linakunywa.
Shaame akaandika, akafuta,
akaninong'oneza: tarehe ya Kizungu ngapi?

"Na hicho chombo chako, kinaniona?"
Hakikuoni. Wewe ni mdogo kuliko kigae.
"Nikitandika kanga?"
Nikapiga hesabu nyuma ya ramani, kwa haya,
kama mtu anayepima maiti:
kanga sitini, zishonwe ukingo kwa ukingo.
Akacheka hadi akajishika kiuno.
"Sitini! Nliolewa kwa doti nne!"
Akarudi kwenye matope yake, kuokota chaza,
maana ndicho bonde linachozaa sasa.

Sentensi ile nimeifuta.
Mwongozo una madaraja sita; nimeongeza la saba:
*mpunga uliokuwa.*
Msimamizi kaandika pembeni, wino mwekundu:
nuru haipimi kumbukumbu.
Ni kweli. Sijamjibu.

Alhamisi kumekucha kweupe,
wingu moja tu, nalo liko mbali, Misali.
Saa nne kasorobo Shaame kanipigia kutoka tutani,
anacheka, upepo unamkata maneno.
Bi Mize kafua.
Kanga tatu kazianika juu ya mikoko,
kazinyoosha vizuri, kazibana na miiba,
na kaketi pembeni yake,
uso juu.

Bado hamsini na saba.